Punguza Mkanda Matundu Mawili

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja, nikajibu ukweli mtupu, na bado nikawa nimedanganya. Fundi Mkuu, Mwingereza mrefu mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja, alitaka kujua kama nimewahi kuona theluji. Nikamwambia nimeiona karibu kila asubuhi tangu nizaliwe. Nilikulia Moshi. Theluji ilikuwa kule juu mlimani, mbali kama mwezi, na sikuwahi kuikanyaga hata siku moja. Yeye alielewa kwamba nimeishi ndani yake. Sikumsahihisha. Alinipa ovaroli, akaniita Bwana Mlima, na jina hilo likanishika kwa miaka kumi na mitatu.

Hiyo ilikuwa Walthamstow, kaskazini-mashariki mwa London, katikati ya miaka ya tisini, kwenye karakana iliyokuwa chini ya matao ya reli, nami nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Niliiacha kazi hiyo mwaka jana, nikiwa na thelathini na nne, viganja vikiwa vimechoka kushika spana na kampuni ikiwa imefunga karakana. Vijana wa jumuiya yetu wananiita mstaafu kwa mzaha, na wameniomba niandike kazi ile ilivyofanywa. Naandika kwa moyo mmoja, lakini nitangulie kusema: katika kazi hiyo nilikaribia kumfukuzisha mwenzangu kwa kosa lililokuwa langu. Nikieleza springi na bolti bila kulieleza hilo, nitakuwa nimejibu tena kama nilivyojibu siku ile ya kwanza.

Watu hucheka nikisema nilitengeneza pikipiki za theluji London, mji ambao theluji ikianguka kidogo tu, treni zinasimama. Maelezo yake ni rahisi. Kampuni yetu ilikuwa ikipeleka watalii kaskazini mwa Norwe wakati wa baridi, kutembezwa misituni juu ya mashine hizo. Tulizinunua zikiwa zimetumika, tukazifungua na kuzifufua majira yote ya joto, kisha Novemba zikapakiwa kwenye lori kuelekea melini. Kwa hiyo mimi nilizijua mashine hizo katika jua la Julai, zikiwa juu ya sakafu ya saruji, mikono ikinuka grisi, huku watu wa sokoni wakipita nje na maembe kwenye mifuko ya bluu.

Sisi tuliziita sledi. Sledi haina magurudumu. Mbele ina skii mbili zinazogeuzwa na usukani kama wa pikipiki. Nyuma ina treki, yaani mpira mpana wenye meno uliofungwa mviringo, ambao injini huuzungusha ili usukume mashine. Ndani ya treki kuna fremu ya reli mbili, mikono ya chuma, springi na shokapu, na hapo ndipo kona inapokatwa au inapokataliwa. Asiyejua hudhani usukani ndio unaokata kona. Usukani unaomba tu. Uzito uliokaa juu ya skii ndio unaokubali.

Mbele ya fremu hiyo kuna mkanda wa kitambaa kigumu, mfupi kama mkanda wa begi, wenye matundu matano na bolti moja. Ukihamisha bolti ili mkanda uwe mfupi, mkono wa mbele wa fremu unavutwa juu, pua ya mashine inashuka, na skii zinapata uzito. Mashine inauma theluji na kugeuka. Ukiufanya mrefu, pua inanyanyuka na skii zinakuwa nyepesi. Hilo linafaa kwenye theluji nene ya uwanda. Kwenye njia iliyoshindiliwa, nyembamba, yenye miti pande zote, mashine ya namna hiyo unaigeuza na yenyewe inaendelea mbele. Mkanda mmoja, bolti moja.

Hakuna aliyenifundisha haya. Nilikuwa nimejifunza pikipiki za kawaida peke yangu huko nyumbani, kwa kuzifungua na kushindwa kuzifunga. Sledi nilijifunza kwa vitabu vya mwongozo, maktabani, kamusi ikiwa pembeni, kwa sababu niliogopa kumuuliza Fundi Mkuu jambo ambalo mtu aliyeishi na theluji angepaswa kulijua. Woga huo ndio uliokuwa mwalimu wangu, na ulikuwa mkali. Nilikaza nati, nikaipima, nikaenda mpaka kituo cha treni, nikarudi kuipima tena. Fundi Mkuu alinikuta mara moja nikiwa na koti mwilini na spana mkononi.

"Nati hailegei kwa sababu umeipa kisogo, Bwana Mlima," alisema, akazima taa ya upande wangu.

Kitu kimoja nilichobuni mwenyewe ni mizani. Nilinunua sokoni mizani mbili za bafuni, moja nyeupe na moja ya waridi, nikaziweka chini ya skii, kila moja na yake, na treki nikaiegemeza kwenye ubao wa kimo kilekile ili mashine ikae sawa. Nikamkalisha mtu juu. Hapo niliweza kusoma kwa kilo uzito uliokaa kwenye kila skii. Kama kulia na kushoto zilitofautiana hata kilo moja, nilirudi kwenye springi za mbele na kuzizungusha robo mzunguko, robo mzunguko, mpaka zilingane. Karakana nzima ilicheka. Baada ya msimu mmoja viongozi wa misafara waliandika kutoka Norwe kwamba mashine za mwaka ule hazivuti upande, na kicheko kikaisha. Ndivyo nilivyopata sifa, na kwa mtu kama mimi sifa ni kitu kingine cha kuogopa kukipoteza.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa ghala la Wembley, ambako mashine zilifungwa na kupakiwa. Mkuu wa Ghala alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, hakina mapambo lakini kinafika. Aliniona nikifungua boksi nililokwisha kulifunga, akasimama mikono kiunoni.

"Mara moja wewe angalia mashine," alisema. "Mara mbili angalia mashine. Mara tatu wewe angalia woga yako tu. Funga boksi, lori iko ngoja."

Nilicheka, lakini alipoondoka nililifungua tena. Nilikaa naye misimu miwili, nikarudishwa Walthamstow kwa cheo cha Mkaguzi. Nilipewa mhuri wa mpira wenye wino wa kijani. Mashine haikutoka getini bila mhuri wangu kwenye kadi yake.

Wakati huo ndipo alipokuja Papa Bahati.

Alitoka Bukavu, ambako alikuwa fundi wa jenereta za hospitali. London alikuwa amefagia ofisi kwa miaka miwili kabla ya kupata nafasi kwetu, na siku ya kwanza aliposhika spana aliitazama kwanza kiganjani, kama mtu aliyerudishiwa saa yake. Alinizidi umri kwa miaka kumi na mitano. Nilipomwamkia shikamoo alinikodolea macho akingoja niendelee, akidhani namwomba kitu. Kifaransa alikijua vizuri, Kiingereza kilikuwa bado kinamkataa. Mimi aliniita Tanzania.

"Weye Tanzania unapimaga tu," aliniambia wiki ya pili. "Siku moja utapima mpaka kivuli yako."

Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Nasema hivyo leo kwa urahisi. Wakati ule jambo hilo lilikuwa likinichoma. Tatizo lake lilikuwa maelekezo. Mara mbili alifunga kitu kinyume na alivyoagizwa, kwa sababu hakumwelewa Fundi Mkuu, naye Fundi Mkuu hakuwa mtu wa kurudia sentensi. Alimwonya mbele yangu, nikitafsiri: akikosea tena kwa kutoelewa, ataondoka. Papa Bahati alikuwa na mke na watoto watatu katika vyumba viwili huko Tooting. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye benchi, na siku nzima hakunitania.

Nikajitolea. Nilimwambia Fundi Mkuu kwamba kuanzia sasa nitamwandikia maelekezo kwa Kiswahili kwenye kadi, ili pasiwe na makosa. Fundi Mkuu alikubali. Nilijisikia mwema sana.

Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tuliagizwa sledi nane kwa njia mpya. Njia yenyewe ilipita msituni kandokando ya mto, yenye kona nyingi za kubana. Kiongozi wa Misafara, mwanamke wa kule kaskazini niliyekuwa nikijua saini yake tu, aliandika kwamba anataka mashine zinazogeuka, kwa sababu wageni wake wengi ni watu wazima ambao hawajawahi kupanda kitu kama hicho. Nilikaa na barua hiyo kama mtihani. Nikaamua: springi za mbele hivi, skii zifunguke mbele kwa milimita nne, na mkanda, ambao tuliukuta kwenye tundu la tatu, uwe mfupi kwa matundu mawili.

Mashine namba moja niliitengeneza mwenyewe, kwenye chumba cha nyuma. Nilitaka iwe kielelezo. Kwa siku nne nilivuta uzi kando ya skii nikapima, nikafungua, nikavuta tena. Zile saba nilimwachia Papa Bahati kwenye tao la mbele, na kadi moja ya maelekezo kwa zote. Mstari wa tatu wa kadi ulisema: *Punguza mkanda matundu mawili.*

Siku ya lori ilinikuta bado niko na namba moja. Niliipima kwenye mizani: kilo kwa kilo, kulia na kushoto. Sikuwa na muda wa kuzipima zile saba. Nilizipitia kwa macho, nikaangalia usafi wake, nati zake, rangi zake, vitu ambavyo Papa Bahati hakosei kamwe, nikagonga mhuri mara saba. Mimi, niliyerudi kutoka kituoni kwa ajili ya nati moja. Mikanda iko ndani ya treki. Lazima uiname na tochi. Sikuinama.

Siku tisa baadaye, Jumapili, Papa Bahati alinialika kwake Tooting baada ya ibada. Mama Bahati alipika bugali na sombe, kile kisamvu chao chenye mawese, na samaki wakubwa wawili. Tulikula sana. Papa Bahati alijiegemeza kwenye kiti, akajipiga tumbo.

"Nimeshiba mubaya," alisema. "Acha nipunguze mukanda."

Akashika mkanda wa suruali yake, akachomoa pini kwenye tundu, akaisogeza nje, matundu mawili.

Sijui niliutazama mkanda ule kwa muda gani. Mama Bahati aliniuliza kama samaki ana mfupa. Nikasema ndiyo.

Kwangu mimi, kupunguza mkanda ni kuukata urefu wake. Kwake yeye, kupunguza mkanda ni kuupunguzia nguvu yake ya kubana, kuuachia. Maneno ni yaleyale, na bolti inakwenda upande mwingine. Mashine saba zilikuwa zimekwenda kwenye njia ya kona zikiwa na mikanda kwenye tundu la tano, skii zikielea, na mhuri wangu wa kijani juu ya kila kadi.

Sikumwambia. Hili naliandika polepole. Nilikuwa nimekaa mezani kwake, chakula chake kikiwa tumboni mwangu, nikajua ni nini kimetokea na kwa nini, na nikasema nimekumbuka miadi. Nilishuka ngazi, nikampigia Fundi Mkuu nyumbani kwake kwa simu ya kibandani. Nilichomwambia ni kwamba mikanda ya zile saba imelegezwa. Imelegezwa. Sikusema na nani wala kwa nini.

Alinikuta karakana saa tisa mchana, akapiga simu kaskazini. Kiongozi wa Misafara alikuwepo kambini. Wageni wa kwanza walikuwa wanaingia kesho yake asubuhi. Alisema alikuwa ameanza kujiuliza, maana namba moja ilikwenda vizuri, lakini alipojaribu namba nne kwenye kona ya kwanza iliendelea kuelekea mtoni kama vile hajaiambia kitu. Aliruka. Mashine ilisimamishwa na kichaka. Bega lilikuwa linamuuma lakini linanyanyuka.

Fundi Mkuu alinipa simu. Nilimweleza Kiongozi bolti iko wapi, tundu la tano, ailete la kwanza. Aliuliza swali ambalo hakuna kitabu changu kilichonitayarishia.

"Nitajuaje kwamba imekaa sawa?"

Nikaanza kuzungumza habari za kilo. Alinikatiza: hana mizani, ana theluji. Aliniuliza mimi nikiiendesha huwa nasikia nini mikononi.

Fundi Mkuu alikuwa amesimama mbele yangu, mikono kifuani. Nilisema, "Sijawahi kuiendesha. Theluji niliyowahi kukanyaga ni hii ya London tu."

Nilimwona Fundi Mkuu akivua miwani. Upande wa pili wa simu yule mama akasema vizuri, basi leo utaendesha kwa masikio. Aliacha simu wazi. Nilisikia injini ikiondoka, ikififia, ikirudi. Alieleza nini kimetokea kwenye kona, mimi nikaeleza nini cha kugeuza. Tulifanya hivyo mpaka usiku, yeye akitumia taa za mashine, maana huko jua lilikuwa limezama mapema sana. Kwenye tundu la kwanza mashine ilikata kona kama kisu, alisema, lakini usukani ulikuwa mzito, na kwa kuwa sasa alikuwa akilinganisha, akaniambia hata namba moja ni nzito vilevile: bibi wa miaka sitini mikono yake itachoka kabla ya chakula cha mchana, na mikono iliyochoka haigeuzi kitu. Akajaribu tundu la pili. Alirudi, akazima injini.

"Hapa," alisema. "Zote nane. Na ile yako nzuri nayo ifungue tundu moja."

Kwa hiyo kadi yangu ilikuwa na makosa kwa tafsiri zote mbili. Ile mashine ya siku nne, ya uzi na milimita, haikuwa sawa. Mizani zilikuwa sawa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilielewa kwamba hivyo ni vitu viwili.

Alipokata simu, Fundi Mkuu hakusema lolote kuhusu theluji. Alisema tu kwamba zile saba ni kazi ya Papa Bahati, kwamba alikwisha kumwonya, na kwamba kesho asubuhi atamwondoa. Alinitazama akingoja kama nina neno. Nilichukua koti langu. Ndani ya treni nilijieleza vizuri sana: nilimaanisha kufupisha, kadi inasema kupunguza, mtu mzima anayejua mashine angeelewa. Nilirudia hoja hiyo kila kituo. Hoja iliyo kweli huhitaji kurudiwa mara ngapi?

Jumatatu Papa Bahati aliingia ofisini akiwa na kofia mkononi, akanitabasamia, kwa sababu alidhani nimeitwa nimsaidie. Kadi ilikuwa mezani, yenye alama ya kidole chake cha grisi. Fundi Mkuu aliisukuma kwangu. Ilikuwa kwa Kiswahili, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na lugha zote mbili chumbani mle.

"Soma mstari wa tatu," alisema. "Unasema nini?"

Nikasema kwa Kiingereza: "Fupisha mkanda matundu mawili." Nilitumia neno la Kiingereza lenye maana hiyo moja tu, lisilo na pa kutokea.

Fundi Mkuu aliitikia. Alivuta droo, akatoa karatasi, akaanza kuandika, akisema bila hasira kwamba basi hakuna la kujadili, aliambiwa afupishe, akarefusha, mtu amejeruhiwa bega. Papa Bahati alifuatisha midomo yake. Alishika jina lake na neno la mkanda.

"Anasema nini, Tanzania?" aliniuliza. Sikujibu. "Mwambie mi nilifanya vile uliandika. Weye njo unajua."

Kalamu ilikuwa inatembea. Ningependa kuwaambia nilisema papo hapo. Nilingoja. Nilisoma kinyume, kutoka upande wangu wa meza, mistari miwili mizima aliyoiandika. Nilikuwa nafikiria mhuri wangu wa kijani, na viongozi wa misafara walioandika barua za kunisifu, na kwamba tangu jana mchana Fundi Mkuu anajua sikuwahi kuishi kwenye theluji na bado hajaniuliza, na kwamba uongo wa pili ukiongezwa juu ya huo hakutabaki kitu.

"Ngoja," nilisema. "Sikusoma vizuri."

Kwa kuwa sikuwa na maneno ya kutosha, nilisimama nikashika mkanda wa suruali yangu. Nilimwonyesha Fundi Mkuu kufupisha, nikamwonyesha kulegeza, nikamwambia kwamba katika Kiswahili neno hili moja linabeba vyote viwili, na mimi ndiye niliyelichagua. Nilimwambia kwamba sikuzipima zile saba. Nilimwambia kwamba mhuri niliugonga bila kuinama.

Fundi Mkuu aliweka kalamu chini. "Jana, hapa, ulikuwa unajua haya?"

"Nilikuwa najua."

Aliniangalia kwa sura ya mtu aliyesikia mlio ndani ya injini na bado hajajua unatoka wapi. Kisha akaikunja ile karatasi.

"Weka mhuri mezani," alisema. "Utarudi benchi. Mwambie yeye arudi kazini. Na mwambie kuanzia leo yeye ndiye atakayepima."

Nilitafsiri sentensi mbili za mwisho. Papa Bahati alitazama mhuri, akanitazama mimi, akauliza nje, mlangoni, kumetokea nini. Nikamwambia: nimemweleza kwamba kosa lilikuwa la kadi. Alinikumbatia hapohapo mbele ya watu, mtu ambaye hakuwa na desturi hiyo. Baadaye kidogo, tukiwa benchi, tulibishana juu ya neno lenyewe kwa nguvu kama wanasheria. Yeye alishikilia kwamba punguza ni punguza, mukanda ilikuwa nguvu, akapunguza nguvu. Mimi nilishikilia urefu. Hatukuafikiana, na tangu siku hiyo kadi zetu hazikuwa na vitenzi. Tuliandika *bolti tundu la pili kutoka mbele*, na kuchora.

Nilifanya kazi benchi miaka iliyobaki. Cheo cha Mkaguzi hakikunirudia, nami sikukiomba. Papa Bahati alipima mashine kwa mizani zangu za bafuni mpaka ya waridi ikafa, na aliinama na tochi kwenye kila moja, goti lake bovu likilia. Baadaye kampuni ilinunua sledi mpya zinazorekebishwa na fundi wa hukohuko, karakana ikafungwa, na vidole vyangu vikaanza kufa ganzi asubuhi. Sasa nafundisha kurekebisha baiskeli kwenye ukumbi wa mtaa. Theluji ya kaskazini sikuwahi kuiona.

Vijana wanaotaka kujifunza kazi ya mikono huniuliza wafanyeje wasikosee. Huwa siwapi jibu wanalolitaka. Nilikuwa na uzi, mizani, rula ya chuma na hofu ya kutosha watu wanne, nikakosea. Nilichokuwa nakiogopa miaka yote ile hakikuwa kona wala mto. Nilikuwa naogopa kuonekana. Mtu anayeogopa kuonekana atapima skii mara kumi, na siku ya kuulizwa neno moja atamtoa mwenzake kafara.

Papa Bahati hunipigia simu kila Mwaka Mpya. Kila mara kabla ya kuaga anasema, "Weye njo uliniokoa siku ile." Nami kila mara nasema si kitu, na tunaulizana habari za watoto.

Papa Bahati, najua utasoma haya, maana Mama Bahati husoma kila kinachotolewa na jumuiya na kukusomea kwa sauti. Siku ile hukuelewa Kiingereza. Mimi ndiye niliyesoma kadi, na nilisoma kwanza fupisha. Uliniuliza anasema nini, nikanyamaza, naye akaandika mistari miwili ya kukufukuza kabla sijafungua mdomo. Hicho ndicho alichokuwa anasema.